Nusu Duara Nyuma ya Saa

Saa ya ukutani nyumbani kwangu ilisimama wiki ileile niliyotoka eda, nami nikaiacha hivyo hivyo. Kila mgeni aliyeingia aliinua macho, akaitazama, kisha akatoa simu kuangalia wakati. Marehemu mume wangu, Mzee Hamisi, asingeivumilia hata siku moja. Alikuwa mtu wa biashara ya alizeti, kila kitu chake kilikuwa na mahali pake, na saa ilipoanza kuchoka aliifunga kwenye kanga yangu kuukuu, akaiweka kiti cha mbele cha lori, akaipeleka kwa fundi wa Iguguno alipokuwa akienda kununua mzigo. Ilirudi inatembea. Sasa Mzee Hamisi hayupo, na wanangu wakaniambia, Mama, saa za betri zimejaa sokoni, ya nini kuhangaika na hilo dubwana. Nikawajibu kwamba dubwana ni langu na nauli ni yangu. Nikalifunga kwenye kanga, nikapanda basi la Iguguno nimelipakata kama mjukuu, na kondakta aliponiambia niliweke chini ya kiti nilimtazama tu, akaenda zake.

Niseme mapema, kwa sababu kwa umri huu sina wa kumficha: fundi wa Iguguno alikuwa Saidi, na Saidi ndiye mwanamume niliyetaka anioe nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa nimeonana naye uso kwa uso tangu mwaka ule. Sikuenda kutafuta mchumba uzeeni, jamani, wanaonijua wangenicheka mpaka watoke machozi. Nilitaka tu kumwona akiifungua ile saa, tusalimiane, tucheke kidogo kwamba tumezeeka. Kibanda nilikikuta kando ya barabara kuu, kimepakwa rangi ya bluu. Ndani alikaa binti yake, Salma, mama wa watoto sasa, anachaji simu za watu na kuuza vocha, na nyuma yake kwenye misumari zilining'inia saa nyingi, zote zimesimama. Aliniamkia shikamoo, akanipa kigoda, akakiona nilichobeba, na kabla sijauliza akasema kwa upole, "Baba tulimzika mwezi uliopita, mama." Nikakaa. Nilikuwa na maneno nimeyapanga tangu stendi ya Singida. Aliniletea maji ya kunywa, nikayashika mkononi bila kuyanywa.

Watu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Aliyesema hivyo sijui alipenda nani. Mimi yaliyopita yaliniuma pale kwenye kigoda kama jipu, na yajayo, kwa umri wangu, ni machache ya kuganga.

Habari za ukoo wangu naziacha, zitanichosha mimi na wewe msomaji. Inatosha ujue kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na nilikuwa nikiishi kwa Shangazi Rehema mjini Singida, katika nyumba yenye baraza pana inayotazama barabara ya soko. Upande mmoja wa baraza Shangazi aliweka cherehani yake. Upande wa pili aliupangisha kwa fundi saa. Ulikuwa mwaka wa dhiki. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, mchana na usiku, na vitambaa vilikuwa haba hata Shangazi akawa anashona viraka kuliko nguo. Vipuri vya saa ndiyo usiseme. Hakuna duka tulilolijua lililouza springi wala gurudumu, kwa hiyo fundi saa aliishi kwa kutoa gurudumu kwenye saa iliyokufa na kulitia kwenye iliyo hai. Hapo ndipo kusoma chapa kulipokuwa ugali wake. Usipojua mashine hii imetoka kiwanda gani na wakati gani, utalitia gurudumu lisilo lake, na saa itatembea siku mbili tatu kisha itajitafuna yenyewe.

Saidi alikuwa Mnyaturu wa upande wa Ikungi, mtoto wa wakulima, mwembamba, mwenye vidole virefu na sauti ya chini. Kazi alijifunza kwa mzee mmoja wa Tabora. Akihesabu meno ya gurudumu alihesabu kwa Kinyaturu, midomo ikicheza bila sauti, na ole wako umkatize. Mimi nilikuwa na mdomo, sikatai, na wiki nzima ya kwanza nilimkatiza. Hakugomba. Alikuwa anaanza kuhesabu upya, basi. Siku moja akanipa lenzi ile ya kuvaa jichoni, akaniambia, dada Mwajuma, macho yako ni mazima kuliko yangu, njoo unisomee hapa. Nikadhani anatafuta njia ya kuninyamazisha. Baadaye alikubali kwamba ni kweli, alikuwa anatafuta njia ya kuninyamazisha.

Alinifundisha kwanza kutousikiliza uso wa saa. Uso unapakwa rangi, mishale inabadilishwa na kila mtu, na kasha la mbao linaweza kuwa la saa nyingine kabisa. Ukitaka umri wake, igeuze, ifungue, utazame bamba la shaba la mashine. Chapa nyingi zimefifia, kwa hiyo tulichukua masizi ya kibatari kwa ncha ya kidole, tukapaka, tukafuta kwa kipande cha kitambaa kutoka chini ya cherehani ya Shangazi, na masizi yakabaki ndani ya michoro. Hapo zinatokea: nyota, au mishale miwili iliyopishana, au herufi. Kisha unaiinamisha kuelekea mlangoni, mwanga uje kwa ubavu. Alama ya kiwanda inakwambia ukoo wake. Jina la nchi likiandikwa kwa Kiingereza, ujue iliundwa ikauzwe ng'ambo. Kiwanda kimoja cha Wajerumani kilikuwa na ustaarabu wa pekee: kiligonga herufi A kwa saa zilizotoka nusu ya kwanza ya mwaka na B kwa nusu ya pili, halafu tarakimu mbili za mwaka wenyewe. Nilizipenda hizo A na B. Zilinifanya nione watu wa mbali huko, wamevaa aproni, mtu anashika nyundo ndogo, anagonga herufi na kwenda kula.

Lakini ziko tarakimu za kukupoteza. Nyingine zinataja urefu wa pendulamu, ule uzani unaobembea, na wengi hudhani ndio mwaka. Mzee mmoja alikuja kutoka Kintinku na saa ndani ya gunia, akatuonyesha arobaini na mbili iliyogongwa kwenye shaba, akatuambia kwamba saa ni ya mwaka arobaini na mbili, mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza. Mwana huyo hakuwa hai tena. Alisema akiisikia saa inagonga ni kama wale wawili wako pamoja, umri mmoja. Ilikuwa ni urefu wa pendulamu tu. Mimi nikafungua mdomo, Saidi akanikanyaga mguu chini ya meza. Aliisafisha, akaitia mafuta, mzee akaondoka ameridhika. Nikamgeukia nikamuuliza kwa nini amemdanganya mtu mzima. Akasema hakumdanganya, alinyamaza, na kunyamaza si uongo.

"Angeniuliza ningemwambia," akasema. "Shaba haisemi uongo, na mimi nikiulizwa juu ya shaba sisemi uongo."

Nayakumbuka maneno hayo kuliko maneno ya ndoa yangu.

Mafundi walikuwa na desturi yao. Kila anayemaliza saa huchukua sindano akachora alama yake kwenye bamba la nyuma, na mwaka pembeni, mahali ambapo mwenye saa hafiki. Saa kongwe ilikuwa na alama za mafundi wengi, baadhi yao walishazikwa zamani, na Saidi alikuwa akiwasalimia. Huyu, ananiambia, ni wa Dodoma, alikuwa hana haraka. Huyu alikuwa mlevi, tazama bisibisi ilivyomteleza. Alama yake mwenyewe ilikuwa jembe dogo, kwa ajili ya baba yake kule Ikungi. Na ilikuwepo alama nyingine ambayo mafundi wote waliijua, nusu duara. Ikiwa saa inatembea kwa kuegeshwa tu, kipuri chake halisi hakijapatikana, fundi alichora nusu duara, maana yake kazi haijaisha, irudi. Kipuri kikija kupatikana, yeyote atakayekitia huimalizia ile nusu ikawa duara kamili. Mwaka ule wa dhiki nusu zilikuwa nyingi.

Siku niliyoisoma mashine peke yangu, kiwanda na mwaka, yeye amekunja mikono bila kunisaidia hata kwa kukohoa, alichukua sindano akachora jembe lake. Kisha pembeni ya jembe akaweka nukta. Nikamuuliza ya nini. Akasema hiyo ni punje, jembe bila punje ni la nini. Halafu akainamia kazi akaangusha skrubu mbili mfululizo, yeye ambaye sikuwahi kumwona akiangusha kitu, na mimi ndiye niliyezitafuta sakafuni. Tangu hapo kila saa iliyotoka barazani ilikuwa na jembe na punje. Nikipita barabara ya soko nikasikia saa inagonga ndani ya duka la mtu, najua tuko mle, mimi na yeye, nyuma ya uso, na mwenye duka hana habari.

Mchana Shangazi alimwita aje kula nasi ukumbini. Chakula chenyewe ugali huo wa njano na mlenda, na siku ya heri maziwa ya mgando aliyoletewa Saidi kutoka kwao. Chai tulikunywa kwa asali kwa kuwa sukari haipo, na siku hizi nikiambiwa asali ya Singida inauzwa ghali mijini nacheka, sisi tuliinywa kwa umaskini. Nakumbuka mkeka, nakumbuka dirisha lenye wavu uliotoboka, nakumbuka kwamba siku nyama ikipatikana alikuwa akisukuma kipande chake upande wangu wa sahani bila kunitazama. Kutoka chumbani nilimsikia Shangazi akimwambia jirani yake kwamba kijana huyu anamtazama Mwajuma kama saa ambayo hajajua mwaka wake. Jirani akacheka sana. Shangazi akasema afadhali aje rasmi, kabla Baba Mkubwa hajasikia kwa watu.

Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa na kauli juu yangu, kwa kuwa baba alishafariki. Aliishi karibu na msikiti, nyumba ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, na ukutani kwake ilikaa saa ya ukoo. Hakuna mgeni aliyekunywa chai pale bila kusikia habari zake: kwamba babu yetu alikuja nayo kutoka Tabora wakati wa Mjerumani, imefungwa juu ya punda, na kwamba mji huu ulikuwa bado pori wakati sisi tayari tunajua saa. Ndiyo iliyokuwa hati yetu ya kuitwa wenyeji wa mjini. Watu wa mashamba walisikiliza habari hiyo kwa adabu na kutikisa vichwa.

Kwa hiyo Shangazi alimweka Saidi chini siku ile kabla ya kwenda kuposa. Nilikuwepo, ninachambua mchele. Alimwambia hivi: atakuuliza juu ya saa, anamuuliza kila mtu, na wewe ni fundi, hawezi kukuacha. Usimkosoe mzee ukumbini kwake mbele ya wageni wake. Mkubwa hasahihishwi. Saidi akasema amesikia. Na mimi niliuona ushauri mzuri, niseme ukweli. Mtu yeyote aliyelelewa vizuri hapa kwetu angeutoa.

Walikuja yeye, mjomba wake na mzee mmoja wa kwao, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi ya mkaa, wamebeba kuku na asali. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia la ukanda. Walisalimiana muda mrefu, wakaulizana mvua na mifugo, mjomba akasema maneno ya posa vizuri kabisa, bila kigugumizi, mpaka nikaanza kufikiri mambo yamekwisha. Ndipo Baba Mkubwa akaagiza saa iteremshwe ukutani iwekwe mezani. Akasema amesikia kijana anasoma saa, basi na aisome hii, wageni wafaidi.

Nilimwona kwa ufa wa pazia. Aliifungua taratibu. Hakuwa na masizi, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akapitisha juu ya shaba, akaiinamisha kuelekea dirishani. Alikuwa na tabia moja ambayo hakuijua mwenyewe: akishapata mwaka, anagonga bamba mara moja kwa ukucha. Nikasikia ukucha. Kwa hiyo nilijua amejua. Akainua kichwa, akakaa kimya, na mimi nikaelewa anachojaribu. Kunyamaza si uongo. Lakini yule mzee wa Kintinku hakuuliza, na Baba Mkubwa aliuliza.

"Haya, fundi. Ni ya lini?"

"Ni ya zamani, mzee wangu."

"Zamani ya lini? Babu yake Mwajuma alikuja nayo wakati wa Mjerumani. Ndiyo au siyo?"

Saidi akatazama upande wa pazia. Hakuweza kuniona, lakini alitazama. Kisha akasema, "Ndiyo, mzee. Ni ya wakati wa Mjerumani."

Shangazi, pembeni yangu, akashusha pumzi. Alidhani imepita. Baba Mkubwa akaweka kikombe chake chini, na bila kupandisha sauti akaeleza kwamba kasha ndilo la babu. Mashine ya kwanza iliharibika kwa kutu, na yeye mwenyewe, akiwa kijana, ndiye aliyeipeleka Tabora kutiwa nyingine, babu keshazikwa, Mwingereza keshashika nchi. Mwaka umegongwa kwenye shaba. Asiye fundi angeweza kukosea, lakini fundi hawezi kuukosa.

"Anayenidanganya mimi leo kwa heshima," akasema, "kesho atamdanganya binti yangu kwa heshima. Chukueni kuku wenu."

Nimeyageuza maneno hayo maisha yangu yote na bado yananitia hasira. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wageni habari ya punda, yeye ndiye aliyeuliza kwa namna ambayo kijana mwenye adabu hawezi kujibu vingine. Angesema kweli, angeitwa mjuaji, mtoto wa shamba aliyekuja kutuvunjia heshima ndani ya nyumba yetu. Alisema uongo, akaitwa mwongo. Mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, wakamwacha achague ukuta wa kujigonga. Mjomba wake aliinuka akaaga kwa adabu zote. Kuku walikuwa wamefungwa miguu, na mmoja alipiga kelele njia nzima mpaka barabarani.

Kesho yake alikuja barazani kufunga vifaa vyake. Shangazi hakushona, alikaa mbele ya cherehani mikono imelala mapajani, akisema tu kwamba alitaka kusaidia. Saidi akamwambia asijilaumu, na alisema kwa moyo, sikumsikia chembe ya lawama. Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimelia mpaka uso umevimba na sikujali aone. Nikamuuliza kama aliusoma mwaka.

"Niliusoma, Mwaju. Herufi B, na mwaka wake. Imegongwa vizuri, hata masizi haihitaji."

"Sasa mbona ulisema vile?"

Alikuwa anaviringisha bisibisi zake ndani ya kitambaa, akaendelea kuviringisha mpaka mwisho, akafunga kamba.

"Ulikuwa nyuma ya pazia," akasema.

Akaondoka. Mtu yule hakuwahi kusema uongo juu ya shaba, akausema mmoja tu, kwa ajili yangu, na huo mmoja ndio uliomnyima mimi. Nilitaka kutoroka naye, nakwambia wazi. Nilimtuma mtoto wa jirani kwao Ikungi, akarudi na jibu kwamba Saidi hatamtoa binti wa watu kwa mlango wa nyuma. Heshima tena. Siku hiyo nililichukia neno hilo kuliko neno lolote la Kiswahili.

Kabla mwaka haujaisha nikaolewa na Hamisi. Sikumchukia hata siku moja. Alikuwa mume mwema, mcheshi, hakuninyima kitu, na mwaka jana nilimlilia kwa haki. Siku ya harusi Baba Mkubwa, kwa moyo mkunjufu kabisa, akatupa zawadi ya saa ya ukoo. Ileile. Labda ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuomba radhi, labda aliona tu kwamba haimfai tena tangu aseme mbele ya watu kwamba mashine si ya babu. Sikuwahi kumuuliza, na amekufa. Ikapigiwa msumari ukumbini kwangu, na mimi nikaapa kwamba sitaifungua, wala hiyo wala saa nyingine. Nililea watoto chini yake. Nilifuturu chini yake. Niliipangusa vumbi usoni kama mke mwenza.

Ilipochoka mara ya kwanza, Hamisi alirudi safari akaniambia amepata fundi hodari Iguguno, kijana wa Kinyaturu, anaitwa Saidi. Nilikuwa nakoroga uji. Nikaendelea kukoroga. Baadaye ikawa desturi, ikichoka inakwenda, na ikirudi Hamisi ananiambia, huku anaitundika, kwamba fundi anasalimu na anauliza kama saa inasikika vizuri nyumbani. Mimi namwambia, mwambie inasikika. Hayo tu, miaka na miaka. Nilidhani ndiyo yote tuliyobakiwa nayo, nikayashukuru. Kama Hamisi alijua, hakusema. Singida ni mji wa kujuana, na yeye hakuwa mjinga.

Sasa nilikuwa pale kwenye kigoda cha Saidi, maji yamepata moto mkononi mwangu. Salma akaniuliza kama ningependa aniitie mtu wa kunisindikiza stendi. Nikamwambia naomba bisibisi ya baba yake. Alinitazama, akavuta droo, akatoa kitambaa kilichoviringishwa na kufungwa kamba, na mimi nikakijua kile kitambaa: kilikuwa kipande kutoka chini ya cherehani ya Shangazi, maua ya zambarau yaliyofifia. Nikakifungua mezani. Vidole vyangu vimekakamaa siku hizi, lakini vilikumbuka. Nikalitoa kasha, nikaigeuza mashine, nikapaka masizi ya sufuria ya chai ya Salma, nikafuta kwa upindo wa kanga, nikaiinamisha kuelekea mlangoni.

B ilikuwepo, na tarakimu mbili, kama alivyoniambia. Na chini yake jembe, punje, nusu duara, mwaka. Chini ya hapo tena jembe, punje, nusu duara, mwaka. Tena. Tena. Zilishuka mpaka ukingo wa bamba, zikahamia upande wa pili, na zile za mwisho mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Zote zilikuwa nusu. Hata moja haikufungwa. Miaka yote hiyo alikuwa ananiandikia, anamkabidhi mume wangu, mume wangu anaitundika ukutani kwangu, na mimi niliyefundishwa kusoma, mimi peke yangu mjini niliyeweza kuzisoma, nilikuwa nimekaa chini yake nafuma vitambaa. Nililia pale kibandani mbele ya wateja wa vocha. Nililia kwa sauti, kama kwenye msiba, na kwa kweli ndio ulikuwa msiba wenyewe, nimefika nimechelewa.

Salma aliwatoa watu, akakaa kando yangu. Alisema alama hizo anazifahamu tangu mdogo, kwamba jembe baba yake aliliweka kwenye saa zote, ila ile nukta, tangu yeye apate akili, aliiona kwenye saa hii tu.

"Nilimuuliza kile kinusu ni cha nini," akasema. "Akaniambia maana yake kazi haijaisha. Nikamwambia, lakini Baba, mbona saa yenyewe inatembea?"

"Akakujibu nini?"

"Akasema, 'Inatembea, ndiyo.' Akaifunga."

Nikamwomba sindano. Ilikuwemo ndani ya kopo la mafuta ya mgando, mahali alipokuwa akiiweka siku zote. Palikuwa pamebaki nafasi ndogo ukingoni mwa bamba. Nikachora punje, nikachora nusu duara, nikaandika mwaka huu. Jembe sikulichora. Mwenye jembe alizikwa mwezi uliopita, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua kwamba mimi nilipaswa kuambiwa.